Kuanzisha Bustani ya Bayodinamiki Shuleni: Mwongozo kwa Shule za Ihanda

Bustani ya bayodinamiki huendeshwa kama kiumbe hai kimoja. Udongo, mimea, mifugo, wadudu, miti na watu wanaoitunza hutegemeana, na rutuba hutafutwa kwanza ndani ya eneo lenyewe kabla ya kufikiriwa dukani. Mbolea za chumvichumvi na viuatilifu vya viwandani havitumiki. Hadi hapo haina tofauti na kilimo hai cha kawaida. Kinachoitofautisha ni mambo mawili: maandalio maalumu ya samadi, mawe na mimea, yanayotumika kwa kiasi kidogo sana, na kalenda ya kazi inayofuata mwendo wa mwezi na nyota.

Chanzo chake ni mihadhara minane ambayo mwanafalsafa wa Austria, Rudolf Steiner, aliitoa Juni 1924 huko Koberwitz, kijiji ambacho leo kiko Poland na huitwa Kobierzyce. Steiner alifariki Machi 1925, hivyo kazi ya kuyajaribu mafundisho yake mashambani iliachiwa wakulima waliomsikiliza. Alama ya Demeter, inayotambulisha mazao ya kilimo hiki, ilianza kutumika mwaka 1928. Barani Afrika mfano unaojulikana zaidi ni SEKEM, mradi ulioanzishwa na Ibrahim Abouleish mwaka 1977 katika jangwa lililo karibu na Cairo. Afrika Mashariki jina la Steiner linafahamika zaidi kupitia shule zinazofuata falsafa yake, ambazo huifanya bustani kuwa sehemu ya masomo.

Kwa Tanzania, shamba la shule si jambo geni. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka kila shule izalishe na mwanafunzi ajifunze kwa kufanya. Kwa hiyo shule inayoanzisha bustani ya bayodinamiki inaendeleza utaratibu inaoufahamu, ila kwa nidhamu mpya ya kuutunza udongo.

Inafaa kujua mapema ni nini kimethibitishwa na nini bado. Katika jaribio la muda mrefu la Therwil, Uswisi, lililoanza mwaka 1978, mashamba ya bayodinamiki na ya kilimo hai yalilinganishwa na ya kawaida. Matokeo ya miaka 21, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2002, yalionyesha kuwa mavuno ya kilimo hai yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 20, lakini mbolea iliyotumika ilipungua kwa asilimia 34 hadi 53 na udongo ulikuwa na viumbe hai wengi zaidi. Nguvu ya mboji, matandazo na mzunguko wa mazao haina ubishi. Nguvu ya maandalio na ya kalenda ya nyota haijathibitishwa kwa kiwango hicho. Shule ianze na yale ya uhakika, na hayo mengine iyafanye somo la kupima.

Majira ya Ihanda na mwaka wa shule

Ihanda ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya mwinuko, yenye baridi kali Juni na Julai, na ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Wakulima wa wilaya hii hutegemea kahawa, mahindi na maharage. Hiyo ni neema kwa bustani, kwa kuwa mabua ya mahindi, makapi ya maharage, maganda ya kahawa na samadi ya ng'ombe hupatikana bila kwenda mbali.

Ugumu uko kwenye ratiba. Mvua huanza wakati mwaka wa shule unaelekea ukingoni, na magugu huota kwa kasi Desemba, wakati wanafunzi wako likizo. Kiangazi nacho huangukia katikati ya masomo, mikono ikiwa mingi na maji machache. Bustani nyingi za shule hufa kwa sababu hii kuliko kwa wadudu au udongo mbaya. Mpangilio unaofaa ni huu:

- Januari hadi Machi: kuchagua eneo, kupima udongo, kukubaliana na wazazi, kukusanya mbegu.
- Machi hadi Mei: kutengeneza mboji wakati majani mabichi bado yapo, na kufukia pembe za ng'ombe zilizojazwa samadi.
- Juni hadi Septemba: kuchimba matuta, kujenga uzio, kugeuza mboji, kulima mboga chache za kumwagilia.
- Septemba na Oktoba: kufukua pembe, kuandaa vitalu, kuweka mboji kwenye matuta.
- Novemba: kupanda mara mvua inapotulia, na kutandaza majani makavu kabla shule haijafungwa.
- Desemba: zamu za palizi za familia zinazoishi jirani na shule, zikilipwa kwa mboga za bustani.

Makubaliano na jamii

Hatua ya kwanza ni kikao cha kamati ya shule, kisha mkutano wa wazazi pamoja na uongozi wa kijiji. Mambo matatu yaamuliwe na kuandikwa: eneo gani limetengwa, nani anasimamia, na mavuno yatatumika vipi. Msimamizi awe mwalimu mmoja mwenye msaidizi, ili akihamishwa kazi isisimame. Afisa ugani wa kata aalikwe tangu mwanzo.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Bayodinamiki hutumia pembe za ng'ombe zilizojazwa samadi na kufukiwa ardhini. Katika jamii ambamo pembe hujulikana kama chombo cha mganga, shimo la pembe kwenye uwanja wa shule linaweza kuleta maneno, na maneno yakishaenea bustani haina tena mtetezi. Kwa hiyo wazazi waelezwe kabla, pembe zijazwe na kufukiwa mchana mbele yao na viongozi wa kijiji, na kibao kiwekwe kinachosema kilichofukiwa, tarehe na somo linalohusika. Jamii isiporidhika, shule iache pembe na iendelee na mengine yote.

Kazi ya bustani isitumike kama adhabu. Mwanafunzi aliyepelekwa shambani kwa kosa la kuchelewa huondoka akilichukia jembe. Zamu zipangwe kwa darasa: wadogo wapande mbegu, wamwagilie kwa makopo na kuokota viwavi, wakubwa wachimbe, wageuze mboji na kuandika kumbukumbu. Wote wavae viatu na wanawe mikono kwa sabuni wamalizapo, kwa kuwa samadi hubeba minyoo na vijidudu vya pepopunda.

Eneo na ukubwa

Shule itenge robo eka, yaani takriban mita za mraba 1,000, lakini mwaka wa kwanza ilime sehemu ndogo tu: matuta kumi, kila moja likiwa na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10. Upana huo humwezesha mtoto kufika katikati bila kukanyaga tuta. Njia kati ya matuta ziwe na sentimita 50. Yote hayo huchukua mita za mraba 170 hivi. Eneo linalobaki liwe la miti, uzio, malundo ya mboji, banda na upanuzi wa baadaye.

Mahali pazuri hupata jua kwa angalau saa sita kwa siku, pako karibu na maji, na panaonekana kutoka madarasani. Pasiwe karibu na mikaratusi, ambayo hunyonya maji na virutubisho mbali kuliko kivuli chake. Penye mteremko, matuta yakate mteremko na kando yake kuwe na makingamaji yaliyopandwa majani ya kushika udongo kama matete au mchaichai.

Uzio hutangulia mbegu, maana mbuzi mmoja humaliza kazi ya muhula kwa asubuhi moja. Uzio wa matawi makavu unatosha mwaka wa kwanza huku uzio hai ukiota ndani yake. Alizeti pori inafaa sana: hukua haraka, huvutia nyuki kwa maua yake ya njano, na majani yake ni mbolea ya kijani yenye nguvu. Kanuni za Demeter hutaka angalau sehemu moja ya kumi ya shamba iachwe kwa ajili ya bioanuwai. Shule ifuate kiwango hicho kwa kuacha miti ya asili, maua na vichaka pembezoni.

Maji

Tuta moja la mita za mraba 12 huhitaji wakati wa kiangazi lita 50 hadi 60 kwa siku, yaani madebe matatu. Matuta kumi ni madebe 30 kila siku, mzigo ambao wanafunzi hawataubeba kwa wiki nyingi. Ndiyo maana kiangazi cha kwanza yamwagiliwe matuta matatu tu, na yaliyobaki yafunikwe kwa matandazo mazito.

Paa la darasa ndicho chanzo cha maji kilicho karibu zaidi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 70 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,400, na hata sehemu ya tano ikipotea, zaidi ya lita 1,100 huingia kwenye tangi. Tangi la lita 5,000 hujazwa na mvua chache tu, lakini kwa matuta matatu hutosha mwezi mmoja tu hivi. Kwa hiyo tangi ni la vitalu na maandalio, na kisima au bomba ndiyo tegemeo la kiangazi.

Kuujua udongo

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Chupa angavu ijazwe udongo hadi theluthi, iongezwe maji, itikiswe kwa nguvu na kuachwa siku moja. Mchanga hutuama chini, tope laini huwa katikati, mfinyanzi huwa juu. Wanafunzi hupima kila tabaka kwa rula na kujua udongo wao ni wa aina gani.

Kipimo cha pili ni shimo la sentimita 50 kwenda chini. Huangaliwa rangi inabadilika wapi, mizizi inafika wapi, minyoo ni mingi kiasi gani, na kama kuna tabaka gumu lililogandamizwa na jembe la miaka mingi katika kina kilekile. Tabaka hilo likiwapo, matuta yachimbwe kwa kina cha majembe mawili: udongo wa juu uwekwe kando, wa chini ulegezwe na kuchanganywa na mboji mahali pake, kisha wa juu urudishwe juu. Kazi hii hufanywa mara moja. Baada ya hapo tuta halikanyagwi wala halipinduliwi.

Udongo wa nyanda zenye mvua nyingi mara nyingi huwa na tindikali. Sampuli ya udongo ipelekwe kupimwa kupitia afisa ugani; kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, ndicho kilicho karibu. Tindikali ikizidi, chokaa ya kilimo inaruhusiwa katika bayodinamiki, na majivu ya jikoni husaidia kidogo.

Mboji

Mboji ndiyo moyo wa bustani hii. Shule isipofanikiwa kwenye mboji, maandalio hayatakuwa na kitu cha kuongezea. Lundo moja lenye upana wa mita 1.5, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 1.2 lina mita za ujazo 3.6, na likiiva hubaki kati ya theluthi na nusu yake. Kiasi hicho kinatosha kuweka tabaka la sentimita moja, yaani madebe sita, kwenye kila tuta kati ya yale kumi.

Lundo hujengwa hivi:

1. Ardhi ilegezwe kwa jembe na kunyunyiziwa maji.
2. Matawi membamba na mabua yaliyokatwakatwa yapangwe kwa kimo cha sentimita 20 ili hewa ipite chini.
3. Ifuate sentimita 15 ya majani makavu au makapi ya maharage, kisha sentimita 10 ya majani mabichi, alizeti pori au maganda ya kahawa.
4. Iwekwe samadi ya sentimita 5, kisha udongo wa juu na majivu kidogo. Kila tabaka linyunyiziwe maji.
5. Matabaka yarudiwe hadi kimo kitimie, na lundo lifunikwe kwa nyasi au majani ya mgomba.
6. Mti mrefu uliochongwa uchomekwe katikati hadi chini.

Mti huo ndio kipimajoto. Baada ya siku nne au tano huchomolewa na kushikwa: ukiwa wa moto kiasi cha kushindwa kuushika, joto limefika nyuzi 55 au zaidi, na mbegu za magugu na vijidudu vingi vinakufa. Ukiwa wa vuguvugu na mkavu, lundo limekosa maji. Ukiwa baridi, umelowa na unanuka, maji yamezidi na hewa imekosekana. Unyevu hupimwa kwa kukamua konzi la mboji: matone mawili matatu yakitoka kati ya vidole, umetosha.

Lundo hugeuzwa baada ya wiki tatu, nje ikipelekwa ndani, na tena baada ya wiki nyingine tatu. Katika baridi ya Mbozi mboji huchukua miezi minne hivi kuiva. Lundo la Machi au Aprili huwa tayari kabla ya mvua za Novemba hata likichelewa. Kiangazi, mboji itengenezwe ndani ya shimo la kina cha sentimita 50 chini ya kivuli, ili unyevu usikauke.

Maganda ya kahawa yatumike yakiwa yamechanganywa. Yakirundikwa peke yake huganda, huchacha na kuleta inzi. Samadi mbichi isiwekwe kamwe kwenye mboga za majani zinazokaribia kuvunwa. Kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna ipite angalau miezi minne.

Bayodinamiki hutaka shamba liwe na mifugo yake. Shule isiyoweza kufuga ng'ombe ianze na kuku au sungura, na ikubaliane na wafugaji wa jirani kubadilishana samadi kwa majani ya matete.

Maandalio

Maandalio ya bayodinamiki hutajwa kwa namba, kuanzia 500. Kwa shule inayoanza, namba 500 pekee inatosha, na inatengenezeka Ihanda bila kuagiza chochote.

Pembe za ng'ombe jike aliyewahi kuzaa huchukuliwa machinjioni na kusafishwa. Pembe tatu au nne zinatosha, ingawa za ng'ombe wa kienyeji ni ndogo. Hujazwa samadi mbichi ya ng'ombe anayenyonyesha na kufukiwa kwenye udongo wenye rutuba kwa kina cha sentimita 40 hadi 50, mdomo ukielekea chini ili maji yasituame ndani. Ulaya hufukiwa majira ya kupukutika majani na kufukuliwa majira ya kuchipua. Kusini mwa Ikweta majira hugeuka, kwa hiyo hufukiwa Machi au Aprili na kufukuliwa Septemba au Oktoba. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kipindi hicho Ihanda ni kiangazi, shimo liwe kivulini, lifunikwe kwa nyasi nzito na kumwagiwa maji kila wiki mbili. Samadi iliyoiva huwa nyeusi, laini, na hunukia udongo wa msituni. Ikiwa bado ya kijani na inanuka kinyesi, irudishwe ardhini. Iliyoiva ihifadhiwe kwenye chungu chenye mfuniko usiobana, gizani, mbali na mafuta ya taa na kemikali.

Kiwango cha kawaida ni gramu 25 katika lita 13 za maji kwa eka. Robo eka hupata gramu 6 hadi 10, yaani kijiko cha chakula, katika lita tatu au nne. Maji ya mvua yaliyopashwa moto na jua ndiyo bora. Ndoo iwekwe chini, na mwanafunzi akoroge kwa fimbo kuelekea upande mmoja hadi maji yazunguke na kufanya shimo katikati linalokaribia kufika chini. Hapo hugeuza ghafla upande wa pili. Maji huvurugika, hutoa povu, kisha shimo jipya huanza kufunguka. Kazi huendelea kwa saa moja, wanafunzi 12 wakipokezana kila baada ya dakika tano. Saa kumi jioni na kuendelea, maji hayo hunyunyizwa ardhini kwa fungu la majani, matone makubwa, udongo ukiwa na unyevu. Yatumike ndani ya saa chache, kwani hayawekwi hadi kesho. Hunyunyizwa mara mbili kwa mwaka: Novemba mvua ikishatulia, na Machi kabla haijakatika.

Namba 501 hutengenezwa kwa unga wa jiwe la kwatzi uliojazwa kwenye pembe, na hunyunyizwa alfajiri kwenye majani. Unga huo ukivutwa pumzini huharibu mapafu. Wanafunzi wasisage jiwe hilo, na shule isilikimbilie mwaka wa kwanza.

Namba 502 hadi 507 huwekwa kwenye mboji na hutokana na mimea sita ya Ulaya, ikiwemo kamomaili na gome la mwaloni, baadhi ikifungwa ndani ya viungo vya wanyama. Mingi haipatikani Mbozi. Kuiagiza nje huhitaji kibali, na kwa upande wa mimea mwenye mamlaka ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mboji nzuri hutengenezeka bila maandalio hayo. Shule iyaongeze tu ikiyapata kwa njia halali.

Mwezi na nyota

Kalenda za bayodinamiki zilienezwa na Maria Thun wa Ujerumani, aliyechapisha ya kwanza mwaka 1963. Mwezi hupita mbele ya makundi 12 ya nyota kwa siku 27.3 hivi, na kila kundi huhusishwa na sehemu ya mmea. Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni siku za mizizi. Samaki, Kaa na Nge ni za majani. Mapacha, Mizani na Ndoo ni za maua. Kondoo, Simba na Mshale ni za matunda na mbegu. Karoti hupandwa siku ya mizizi, mchicha siku ya majani, maharage siku ya matunda.

Kalenda iliyochapishwa Ulaya isitumike Ihanda bila kurekebishwa. Saa zake zigeuzwe kwanza kuwa saa za Tanzania. Pia huelekeza kazi kwa mwezi unaopanda na unaoshuka angani, jambo lisilohusiana na mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kusini mwa Ikweta kupanda na kushuka huko hugeuka, na kwenye nyuzi 9 hivi kusini, ambako mwezi hupita karibu na utosini na kuvuka pande zote mbili, tofauti yenyewe hupungua maana. Shule ifuate siku za mizizi, majani, maua na matunda kama zoezi la kusoma anga, lakini mvua iwe ndiyo inayoamua. Siku ya matunda ikikuta udongo mkavu, haipandwi kitu.

Mazao na mzunguko

Matuta kumi yagawanywe hivi: mawili ya mikunde kama maharage na njegere, mawili ya majani kama mchicha, mnafu, chainizi na kabichi, mawili ya matunda kama nyanya na maboga, mawili ya mizizi kama karoti, vitunguu na viazi. La tisa lipumzishwe kwa marejea, mmea wa mbolea ya kijani ambao Wabenediktini wa Peramiho, Ruvuma, waliueneza. La kumi liwe la mbegu na mimea yenye harufu. Kila msimu makundi yahame: palipolimwa mikunde ifuate mboga za majani, kisha matunda, kisha mizizi, kisha mikunde tena.

Mbegu zisiwe zimepakwa dawa. Mchicha, mnafu, maboga na maharage ya kienyeji hutoa mbegu inayorudiwa kupandwa, na ni vyema familia za wanafunzi zichangie. Mahindi yawe machache na pembezoni, kwa kuwa nyumbani yapo ya kutosha. Kinachokosekana kwenye sahani ya mchana ni mboga. Mipapai na miparachichi ipandwe kwenye mpaka wa kusini, ili mwezi Juni, jua likiwa kaskazini, kivuli chake kiangukie nje ya bustani.

Wadudu na magonjwa

Ulinzi wa kwanza ni mchanganyiko wa mazao, tuta lenye afya na ukaguzi wa asubuhi. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Tanzania mwaka 2017, huokotwa kwa mkono, na majivu au udongo mkavu huwekwa kwenye moyo wa hindi. Kantangaze, anayeangamiza nyanya, hudhibitiwa kwa kukata majani yenye vijia vyeupe na kuyafukia kwa kina, na kwa kutorudisha nyanya palepale.

Hali ikizidi, maji ya pilipili na vitunguu saumu yaliyochujwa na kuongezwa sabuni kidogo hutosha kwa wadudu wengi laini kama vidukari. Utupa una nguvu zaidi, lakini ni sumu ya samaki. Autayarishe mtu mzima, mbali na kijito au kisima, na watoto wasiuguse. Kilichonyunyizwa kisiliwe kabla ya siku kadhaa kupita, na kioshwe vizuri.

Mavuno na alama

Mavuno ya kwanza yaende kwenye chakula cha wanafunzi. Ziada iuzwe kijijini au kwenye soko la Vwawa na Tunduma, na mapato yaandikwe kwenye daftari linalosomwa mbele ya wazazi. Shule isitumie neno Demeter kuuza mboga zake, kwa sababu ni alama inayolindwa na hutolewa baada ya ukaguzi. Vivyo hivyo kwa Kilimohai, alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki iliyokuja na kiwango cha pamoja cha mwaka 2007. Shule ikifikia hapo, Tanzania Organic Agriculture Movement, TOAM, ndiyo jumuiya ya kuulizwa utaratibu, ikiwemo ule wa vikundi vya wakulima wanaokaguana wenyewe.

Daftari na jaribio la darasa

Kila tuta liwe na ukurasa wake: tarehe ya kupanda, mbegu, mboji iliyowekwa, mvua, wadudu waliokutwa, kilo zilizovunwa. Kopo lenye kingo zilizonyooka, likiwekwa wazi na kupimwa kwa rula kila asubuhi saa tatu, linatosha kuwa kipima mvua.

Jaribio la mwaka wa pili ni kupima maandalio yenyewe. Yachukuliwe matuta manne yanayofanana, yawekewe mboji sawa na kupandwa mchicha uleule siku ileile. Mawili, yatakayochaguliwa kwa kura, yanyunyizwe namba 500. Mawili yanyunyizwe maji matupu yaliyokorogwa kwa muda uleule. Wanaovuna na kupima wasijue lipi ni lipi hadi hesabu ikamilike. Jaribio lirudiwe misimu mitatu, kwa kuwa matuta manne ya msimu mmoja yanaweza kutofautiana kwa bahati tu. Tofauti isipoonekana, hilo nalo ni jibu, na liandikwe.

Upanuzi wa matuta ufuate mboji. Shule inayopata lundo moja lililoiva kwa mwaka ibaki na matuta kumi. Ikifikia malundo mawili, iongeze kumi mengine.